Sori ya Pole, Sori ya Samahani

Nyuma ya maduka yanayotazama soko la Kisii, mwaka wa sabini na moja, palikuwa na benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa karakana ya Ombati, fundi wa baiskeli, ambaye mji mzima ulimwita Spoku. Siku za kazi, saa kumi alasiri, mvua ya mchana ikishakatika na ukungu ukianza kuteremka polepole kutoka upande wa Manga, mama mmoja Mnubi aliyejulikana kwa jina la Mama Kahawa alitua jiko lake kando ya benchi, akaweka buli juu ya makaa, na wenyeji wakaanza kufika mmoja mmoja wakipangusa matope ya viatu kwa majani ya mgomba. Vijiwe vingine vya mjini vilikuwa vya siasa au vya mpira. Hiki kilikuwa cha Kiingereza.

Aliyekianzisha ni Walter Mogire, mtu wa Nyamira, mkalimani wa mahakama aliyestaafu. Miaka thelathini alikuwa amesimama kati ya hakimu na mshtakiwa, maneno ya watu yakipita kinywani mwake kama maji ya mfereji, na kwa sababu hiyo kijiweni aliitwa Mlodi, lile “my lord” la mahakamani. Yeye alishikilia kwamba Kiingereza cha vitabuni hakikai kichwani. Kinachokaa ni kile cha nyumbani, cha watu na shida zao. Basi aliandika vikaratasi, akavikunja, akavitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Mume na mke, paa linavuja. Baba na binti, binti hataki kuamka. Mama mkwe amefika bila taarifa. Wawili walichota kikaratasi wakazungumza mpaka vikombe vikauke, na aliyechomeka neno la Kiswahili au la Kigusii alimalizia kinywaji chake akiwa wima.

Kwenye mwisho wa benchi, karibu na jiko, alikaa Manasseh Ongeri. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, kazi yake kupanga barua huko nyuma posta, mahali ambapo hakuna mteja anayemwona mtu, na jina lake la kijiweni lilikuwa Posta. Aliambiwa kwamba ulimi ukimlainika kidogo atapelekwa dirishani kuhudumia watu. Hilo ndilo lililomleta. Lakini lililomweka ni jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kwa Kigusii alikuwa mtu mzito, kifungua mimba wa mzee Ongeri, mwenye maneno machache na mengi kati ya hayo ni amri. Kwa Kiingereza alikuwa mwepesi. Akisema mlango kwa Kiingereza, ulikuwa mlango tu, mpya, usio na nyumba. Haukuwa ule mlango wa marehemu baba yake. Wakati mwingine mvua ikipiga bati la posta alisinzia juu ya magunia ya barua, akamwota baba yake amesimama kwenye chemchemi ya nyumbani, amevaa koti refu, anamsemesha Kiingereza safi kabisa juu ya hali ya hewa. Mzee yule alikufa bila kujua hata neno moja la lugha hiyo. Manasseh aliamka anatabasamu, kisha akikumbuka chemchemi, tabasamu likamtoka.

Kijiweni hawakusoma tu. Walibishana. Siku moja ubishi ulikuwa juu ya majina ya ukoo, na Spoku, ambaye hakuwahi kukosa nadharia wala methali, ndiye aliyeuanzisha.

— Mtoto wa mjomba ni kazini. Mtoto wa shangazi ni kazini. Mtoto wa baba mdogo, huyo pia kazini. Sasa mimi nauliza, kwao nyumbani anabaki nani?

— Siyo kazini, Mlodi alimrekebisha. Ni kazin.

— Ndio hiyo hiyo. Wote kazini. Ndiyo maana waliweza kutawala dunia, hakuna mtu wao alikuwa anakaa bure.

Manasseh alisema labda ni baridi ya kwao. Mtu akijifungia ndani mwake miezi sita, hana haja ya kutofautisha kaka wa baba na kaka wa mama, wote hawamtembelei. Mama Kahawa akasema hapana, ni ukungu. Kwao ukungu haukomei nje kama huu wa Kisii, unaingia mpaka sebuleni. Mgeni anabisha, humwoni vizuri, hujui ni wa upande wa baba au wa mama, basi unasema anko ili usimkosee.

— Haba na haba hujaza kibaba, Spoku akamuunga mkono. Anko ndiyo kibaba. Unatia wajomba, unatia baba wadogo, unatikisa, wanaenea.

Basi ilikuwa hivyo, jioni baada ya jioni, ukungu na kahawa na tangawizi, mpaka Jumanne moja ya mwezi wa nne alipotokea mtu mpya na futi ya kupimia nguo shingoni. Alisema ni fundi cherehani upande wa pili wa soko. Metroni wa hospitali moja ya misheni alitaka kumpa kazi ya kushona sare za wauguzi, na metroni huyo hakujua lugha nyingine ila Kiingereza. Mlodi alimkaribisha kwa mikono miwili. Nafasi ilibaki moja tu kwenye benchi, karibu na Manasseh. Mgeni alisimama kidogo, akakaa. Spoku aliinama juu ya gurudumu lililokuwa mapajani mwake akaanza kuhesabu vyuma vyake.

Mgeni huyo alikuwa Josiah, ndugu yake Manasseh, baba mmoja mama mmoja, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita.

Watu wote wa Kiogoro, kijiji chao, walijua habari hiyo. Mlodi, kwa kuwa ni wa Nyamira, hakuijua. Mwaka wa sitini na tano wapima ardhi walifika Kiogoro kugawa shamba la marehemu Ongeri. Mstari ulipopigwa, chemchemi iliangukia upande wa Manasseh kwa hatua chache tu. Yeye akanunua seng'enge akaizungushia. Haikuwa chuki hasa; ilikuwa kiburi cha karatasi yenye mhuri, kile kinachompata mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuandikiwa kitu kuwa ni chake. Mke wa Josiah, Mong'ina, akawa anazunguka kilima kwenda kuchota maji mtoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza na mtungi kichwani, na mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo, hakulia. Manasseh alikisikia kilio cha Mong'ina ng'ambo ya seng'enge. Alikaa ndani. Alijiambia ataenda kesho. Kesho ilipofika ilikuwa ngumu kuliko jana, na kesho kutwa ikawa ngumu zaidi, na siku zikapangana hivyo kama mawe ya ukuta mpaka zikawa miaka.

Mlodi alitikisa kopo, akampa Manasseh achote. Manasseh alikunjua, akasoma: ndugu wawili wakutana njiani. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kuondoka. Lakini kikaratasi kiliandikwa kwa Kiingereza, na ndani ya Kiingereza hakuna aliyemjua.

— Hujambo, ndugu yangu, alisema, kwa lugha hiyo ya kigeni, akitazama makaa.

— Sijambo, ndugu yangu. Unatoka wapi?

— Natoka sokoni. Nimenunua viazi.

— Viazi ni vizuri.

Mlodi alimsahihisha Josiah namna ya kutamka viazi. Gurudumu la Spoku lilikuwa limesimama. Mazungumzo ya kwanza ya ndugu wale baada ya miaka sita yalihusu viazi ambavyo hakuna aliyevinunua, na vikombe vilipokauka walinyanyuka wakashika njia moja ya Kiogoro, Manasseh mbele, Josiah nyuma hatua kumi, mwendo wa saa moja na zaidi, bila neno.

Josiah alirudi kesho yake. Akarudi na siku iliyofuata. Hakunywa kahawa, kwa kuwa nyumbani kwao walilelewa Waadventista na kahawa ilikuwa mwiko. Mama Kahawa alimchemshia maji ya tangawizi. Manasseh alikuwa ameshauvunja mwiko huo miaka mingi. Wakakaa bega kwa bega, mmoja na kikombe cheusi, mwingine na cha manjano, wakazungumza. Kikaratasi kikisema paa linavuja, Josiah alieleza kwamba linavuja upande wa jikoni, juu ya mafiga, na Manasseh alijua kuwa huo haukuwa mchezo. Kikisema binti hataki kuamka, Josiah alisema binti yake anaitwa Nyamoita, ana miaka minne, na kila asubuhi hujifanya kuwa mgonjwa wa sikio. Manasseh alikuwa amemwona mtoto huyo mara nyingi ng'ambo ya seng'enge, akifukuza kuku, na hakuwahi kulijua jina lake. Usiku huo alilisema kimoyomoyo mpaka usingizi ukamchukua, na kesho yake juu ya magunia ya posta akamwota mtoto yule anampigia kelele dirishani: barua yangu iko wapi. Kila siku saa ya Kiingereza ikiisha, waliamka kama watu wanaotoka kwenye maji, wakarudi nyumbani wakiacha zile hatua kumi kati yao.

Hatimaye Spoku alimchukua Mlodi kando akamweleza. Tangu hapo vikaratasi vya kopo vilianza kufanana.

Wiki ya tatu ulizuka ubishi wa neno sori. Spoku alitaka kujua kwa nini Mwingereza akikukanyaga mguu anasema sori, na ukifiwa na mama yako anasema sori hiyo hiyo.

— Ni uzito, alijijibu mwenyewe. Maneno yao yalikuja kwa meli. Meli ikizidi uzito, inatupa mengine baharini. Samahani yao ilizama.

Mama Kahawa alisema haikuzama. Waliiacha kwao makusudi, maana mtu anayekuja kutawala hasafiri na samahani.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Spoku. Ndiyo sababu hawavui koti hata jua likiwaka.

Watu walicheka, hata Josiah. Mlodi alingoja kicheko kitulie, kisha akaeleza kwa sauti yake ya mahakamani kwamba neno hilo lilimtesa miaka thelathini. Mshtakiwa akisema pole, anamhurumia mwenzake na hajakiri lolote. Akisema samahani, amekiri. Lakini hakimu alipelekewa sori kwa yote mawili, na Mlodi hakujua ni wangapi walifungwa kwa sababu ya huruma. Aliposema hayo hakumtazama mtu. Akatikisa kopo, akalisogeza mbele ya Manasseh.

Kikaratasi kilikuwa na maneno matatu: shida ya maji.

Ukungu ulikuwa umefika kwenye mabati ya soko, na sauti za wauza ndizi zilitoka ndani yake kana kwamba zinatoka mbali sana. Manasseh alikigeuza kikaratasi. Alihisi kama katika zile ndoto za posta, mwili mwepesi, miguu haigusi chini, na alijua kwamba akisubiri kidogo tu atazinduka na hatasema tena.

— Ndugu yangu, alisema kwa Kiingereza. Nyumbani kwangu kuna maji. Mimi nilifunga njia ya maji.

— Kwa nini ulifunga? Josiah aliuliza, kama mazoezi yalivyotaka.

— Nilipewa karatasi. Karatasi ilisema maji ni yangu.

— Na mke wangu?

— Mke wako alizunguka kilima. Mvua ilikuwa imenyesha. Alianguka. Niko sori.

Josiah alikizungusha kikombe cha tangawizi mikononi. Alipozungumza tena alivunja sheria ya benchi.

— Sori hiyo ni ipi? Ni ya pole au ya samahani?

— Ya samahani, alisema Manasseh.

Hakuna aliyemwambia Josiah asimame, lakini alisimama mwenyewe, akamalizia tangawizi yake akiwa wima, akitazama ukungu. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, akihakikisha kila neno limekaa mahali pake:

— Alikuwa mvulana.

Akakaa. Jioni ile walikwenda Kiogoro wakiwa wameachana hatua tatu tu, na bado bila neno.

Habari haikai mjini Kisii. Inapanda milima pamoja na wauza ndizi. Siku ya soko iliyofuata, saa kumi na nusu, mama yao Bochaberi alitokea kijiweni na kikapu kichwani. Alikuwa amepita miaka sabini. Manasseh alisukuma kikombe chake cha kahawa chini ya benchi kwa kisigino. Ndugu wote wawili walisimama wakamwamkia, wakamwita baba, kama Wagusii wanavyomwita mama, na Spoku akamwachia nafasi yake.

Aliwaambia kwa Kigusii kwamba amesikia siku hizi wanazungumza. Basi wazungumze, naye asikie.

Walitazamana. Wakakaa, yeye katikati yao, wakazungumza Kiingereza juu ya mvua: imenyesha sana, mahindi yatakuwa mazuri. Bochaberi alifumba macho. Uso wake ulilegea kama wa mtu anayeota moto baada ya safari. Sauti hizo mbili hakuwa amezisikia pamoja tangu wapima ardhi waondoke, na kwa muda hakujali zinasema nini. Kisha akafumbua macho, akawauliza ni nini waliambiana siku ile ambayo kila mtu anaizungumzia.

Manasseh alifungua kinywa. Maneno ya Kiingereza yalikuwepo yote, yamepangwa. Ya Kigusii yalimjia na uzito wake wote, na hakuweza kuyainua. Josiah alitazama viatu vyake.

Hapo Mlodi alisimama. Alifunga vifungo vya koti lake, akashusha mikono ubavuni kama alivyosimama miaka yote mahakamani, akamtafsiria mama yule kwa Kigusii, sentensi baada ya sentensi, bila kuongeza wala kupunguza. Maji. Karatasi. Kilima. Kuanguka. Alipofika kwenye sori alinyamaza, akamtazama Manasseh, na Manasseh akaitikia kwa kichwa. Mlodi akatumia neno la mtu anayeomba asamehewe kosa lake. Akamalizia na yale ya mvulana.

Bochaberi alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliokota ndizi moja iliyokuwa imedondoka kutoka kwenye kikapu, akairudisha mahali pake. Kisha akauliza, kwa upole, kama anayeuliza njia:

— Na Mong'ina, naye anajua Kiingereza?

Mlodi alikuwa bado amesimama. Mama Kahawa aliinamisha buli juu ya kikombe, likatoa machicha tu, akaliweka chini.

Manasseh aliinuka akatwaa kofia yake. Josiah alitaka kuinuka pia, lakini mama yake alimwekea mkono gotini.

Huko Kiogoro, njia ya kawaida ya kwenda kwa Josiah ilipita langoni pake mwenyewe. Siku hiyo hakuifuata. Alishuka mpaka mtoni, akapanda ile ya kuzunguka kilima, ambayo hakuwahi kuipita tangu aweke seng'enge. Ilikuwa nyembamba, udongo mwekundu uliolowa, na alishika majani ili asianguke, yeye ambaye hakubeba kitu. Hakujua ni wapi hasa Mong'ina aliteleza. Kila kona aliyofika aliona kwamba ingeweza kuwa pale.

Jua lilikuwa bado halijazama alipotokea uani kwa ndugu yake, matope magotini. Mong'ina alikuwa ameketi na ungo wa wimbi mapajani, akichambua mawe. Nyamoita alikimbilia nyuma ya mama yake.

— Mama Nyamoita, alisema Manasseh, kwa Kigusii.

Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Hakuwa na kikaratasi, wala hakuwa amejiandalia neno. Akamwambia kwamba alifunga maji, na kwamba alimsikia alipolia asubuhi ile, na hakuja. Akamwomba amsamehe. Maneno yalikuwa machache kuliko yale ya kijiweni, na yalimchukua muda mrefu zaidi.

Mong'ina aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe, akalitupa. Akaokota lingine.

— Miaka yote hii nilidhani hukusikia, alisema mwishowe. Nilijiambia labda siku ile upepo ulikuwa wa upande mwingine.

— Nilisikia.

Alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akaweka ungo chini, akajikung'uta mikono, akaingia ndani. Manasseh alibaki amesimama uani, kofia mkononi, mtoto akimchungulia, na hakujua kama amefukuzwa au la. Moshi ulianza kutoka kwenye paa upande wa jikoni. Mong'ina alitoka na kigoda. Alikiweka chini, si karibu yake wala si mbali, akarudi kwenye wimbi lake.

Manasseh akakaa.